Maswali ya Wasomaji: Makabila ya Kusini mwa Uajemi na Mkono wa Mwingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi wa Tanga tunavifahamu vita vya Novemba 1914, pale askari wa Jeshi la Uhindi walipotua katika mji wetu na kushindwa. Nimesoma kwamba katika vita hivyo vikuu jeshi hilohilo lilipelekwa pia kusini mwa Uajemi, nchi iliyokuwa imetangaza kwamba haimo upande wowote. Mwingereza alitafuta nini huko, na kwa nini baadhi ya makabila yalimpiga huku mengine yakimsaidia?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mwingereza aliingia kusini mwa Uajemi zamani sana kabla ya 1914, na aliingia kwa ajili ya Uhindi. Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ilifungua kituo cha biashara katika bandari ya Bushehr mwaka 1763, na katika karne ya 19 mkuu wa kituo hicho akawa mwakilishi wa Uingereza kwa Ghuba yote ya Uajemi, akipokea amri zake kutoka serikali ya Uhindi. Lewis Pelly, aliyeshika cheo hicho kuanzia 1862, alitokea Zanzibar, ambako alikuwa akikaimu nafasi ya balozi mdogo. Maana kwa watawala wa Bombay na Calcutta, mwambao wetu na mwambao wa Uajemi ilikuwa mipaka ya bahari moja. Tena watu wa Bushehr walikwisha kuuona upande wa pili wa urafiki huo. Shah, yaani mfalme wa Uajemi, alipoiteka Herat, mji ulio katika Afghanistan ya leo, mwaka 1856, Uingereza ilileta meli na askari kutoka Bombay, na wapiganaji wa Tangestan, sehemu ya pwani iliyo kusini ya Bushehr, walikufa katika ngome kuukuu ya Rishahr wakijaribu kuwazuia.

Baadaye yakaongezeka mengine: nyaya za telegrafu zilizounganisha London na Uhindi, benki, njia ya misafara ipandayo kutoka Bushehr hadi Shiraz kwa mapito makali ya milimani, na mwisho mafuta, yaliyopatikana Masjed Soleyman tarehe 26 Mei 1908. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilinunua sehemu kubwa ya hisa za kampuni ya mafuta hayo, kwa sababu meli zake za kivita zilikuwa zikiacha makaa ya mawe na kuanza kutumia mafuta. Katikati ya mambo hayo, tarehe 31 Agosti 1907, Uingereza na Urusi zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya ushawishi: kaskazini kwa Mrusi, kusini mashariki kwa Mwingereza, na sehemu ya katikati ikaachwa wazi. Waajemi, ambao mwaka mmoja tu kabla ya hapo walikuwa wamejipatia katiba na bunge, hawakuulizwa neno. Ni vizuri kukumbuka kwamba Fars, jimbo ambalo mji wake mkuu ni Shiraz, na Bushehr zilikuwa katika sehemu hiyo ya wazi. Mwezi Machi 1915 tu ndipo Mrusi alipokubali kwa siri kwamba sehemu hiyo nayo iwe ya Mwingereza. Kwa hiyo vita vilipozuka, uhuru wa nchi kutokuwa upande wowote, uliotangazwa Novemba 1914, ulikuwa tayari umekwisha kukanyagwa na majirani wawili.

Ama makabila, hapa ndipo penye uzito wa swali lako. Katika jimbo la Fars kulikuwa na miungano miwili mikubwa. Waqashqai, wasemao lugha ya jamii ya Kituruki, walikuwa wafugaji wa kuhamahama waliokaa majira ya baridi katika nyanda za joto karibu na Ghuba, na majira ya kiangazi wakapanda milima iliyo kaskazini ya Shiraz. Mkuu wao, mwenye cheo cha ilkhani, alikuwa Ismail Khan, maarufu kwa jina la heshima la Sowlat al-Dowleh. Mhamo wao uliikata njia ya Bushehr mara mbili kila mwaka, na wakuu wa makabila na vijiji kandokando ya njia hiyo walitoza ushuru kwa wapitaji, kama ile hongo waliyotozwa misafara ya bara katika Afrika Mashariki. Kwa mfanyabiashara Mwingereza huo ulikuwa unyang'anyi. Kwa mwenye nchi ulikuwa haki yake ya kulinda njia na kulipwa kwa ulinzi huo.

Muungano wa pili, Khamseh, haukuzaliwa katika malisho. Serikali ya Shah iliuunda mnamo 1861 na 1862 kwa kuyaweka makabila matano, la Waarabu, Basseri, Baharlu, Inallu na Nafar, chini ya ukoo wa wafanyabiashara wakubwa wa Shiraz wenye cheo cha Qavam al-Molk. Kusudi lilikuwa kumpata mtu wa kuwazuia Waqashqai. Ukoo huo uliishi kwa biashara ya Bushehr, na biashara ya Bushehr ilikuwa mikononi mwa Waingereza na washirika wao. Basi hata kabla ya ruzuku yoyote, masilahi yao yalielekea huko. Mwaka 1911 gavana wa Fars, akisaidiana na Sowlat al-Dowleh, aliwakamata ndugu wawili wa ukoo huo. Mmoja aliuawa njiani, na wa pili, Qavam mwenyewe, akaponea katika ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Shiraz. Mtu aliyeokolewa uhai wake kwa namna hiyo hawezi kuhesabiwa pamoja na yule aliyenunuliwa tu.

Upande wa magharibi walikuwako Wabakhtiari, ambao ardhi yao ndiyo iliyotoa mafuta. Makhan wao, yaani wakuu wao, walikubaliana na wachimbaji mwaka 1905 kulinda visima kwa malipo ya kila mwaka na asilimia 3 ya hisa. Lakini makhan haohao waliuteka Tehran mwezi Julai 1909 ili kuirudisha katiba, na wakawa watu wakubwa serikalini, jambo lililomtia Sowlat al-Dowleh hofu kiasi cha kumfanya mwaka 1910 aungane dhidi yao na Sheikh Khaz'al wa bandari ya Mohammerah, Mwarabu aliyekuwa rafiki mkubwa wa Waingereza. Hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba Mwingereza ndiye aliyeubuni ugomvi wa makabila ya kusini. Aliukuta, akaanza kuulipia mshahara, na kila aliyepewa bunduki na fedha zake akapata nguvu ambazo jirani yake hangeweza kuzipata bila kutafuta mfadhili mwingine.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika vitabu vya Kiingereza nilivyosoma, vita vya pwani ya Bushehr vinasimuliwa kama kazi ya Mjerumani mmoja aitwaye Wassmuss. Je, ni kweli kwamba watu wa Tangestan walipigana kwa sababu ya dhahabu ya Wajerumani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Wilhelm Wassmuss alikuwako, na alikuwa mtu wa ajabu. Aliwahi kuwa balozi mdogo wa Ujerumani Bushehr, alisema Kiajemi, alivaa mavazi ya wenyeji, na mwanzoni mwa 1915 aliwaponyoka Waingereza waliokaribia kumkamata. Aliahidi mengi, na ahadi nyingi hazikutimia, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa mbali na fedha zake zilikwisha mapema. Lakini ukimweka yeye katikati ya hadithi, huwezi kueleza kwa nini mapigano yaliendelea wakati mfuko wake umekauka.

Mtu wa kumtazama ni Rais Ali (Rais hapa ni sehemu ya jina lake, si cheo cha urais), kijana wa kijiji cha Delvar, aliyezaliwa yapata 1882. Hakuwa khan wa muungano mkubwa; alikuwa mkuu wa kijiji cha mitende na majahazi. Alikwisha kuwa upande wa wanakatiba kabla Wassmuss hajaanza harakati zake, na waliomzunguka, Zayer Khezr Khan wa Ahram, Sheikh Hossein Khan wa Chahkutah na khan wa Borazjan, walikuwa na ugomvi wao wenyewe na wale walioishika forodha na kuifunga bahari. Juu ya hayo walikuwako wanavyuoni wa Shia wa Bushehr na Borazjan, waliowaambia waumini kwamba kuizuia nchi ya Kiislamu isitwaliwe ni wajibu wa dini. Maneno hayo yaliwaunganisha watu ambao jana yake walikuwa wakigombea visima, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu yanastahili kupewa nafasi kubwa kuliko fedha za Ujerumani.

Mnamo Machi 1915 Waingereza walimkamata balozi mdogo wa Ujerumani aliyekuwapo Bushehr na kumpeleka Uhindi, katika ardhi ya nchi isiyokuwa vitani. Tarehe 12 Julai Watangestani waliushambulia ulinzi wa nje ya mji, wakauawa maofisa wawili wa Kiingereza. Tarehe 8 Agosti Bushehr ikatwaliwa rasmi. Hata stempu za Shah katika posta zilipigwa chapa ya kusema kwamba mji uko chini ya Uingereza, na hali hiyo ikadumu hadi Oktoba. Siku chache baada ya kuutwaa mji, meli za kivita zilikwenda Delvar, askari wakashushwa, na kijiji kikabomolewa pamoja na mitende yake. Anayejua mtende unachukua miaka mingapi hata uzae atajua adhabu hiyo ilikusudiwa nani.

Rais Ali aliuawa mwanzoni mwa Septemba 1915 usiku wa mapigano, kwa risasi iliyotoka nyuma, kwa mkono wa mmoja wa watu waliokuwa upande wake. Iran ya leo huiadhimisha tarehe 3 Septemba kuwa siku ya taifa ya mapambano dhidi ya ukoloni wa Uingereza. Kifo chake hakikuumaliza moto. Tarehe 10 Novemba, jeshi la jandarma la Shiraz, yaani polisi wa kijeshi, lililofundishwa na maofisa wa Sweden na kujaa wazalendo, lilimkamata balozi mdogo wa Uingereza pamoja na wenzake wa benki na telegrafu. Wanawake walipelekwa salama Bushehr, na wanaume wakafungwa katika ngome ya Ahram hadi Agosti 1916, walipobadilishwa kwa wafungwa walioshikwa na Waingereza.

SWALI: Hizo bunduki za watu wa Tangestan zilitoka wapi?
Msomaji, Maskati

JIBU: Nyingi zilipita mjini kwenu. Kwa miaka mingi kabla ya vita Maskati ilikuwa soko kuu la silaha katika Ghuba, na Waingereza hawakuweza kulifunga kwa urahisi kwa kuwa wafanyabiashara wa Kifaransa walilindwa na mkataba wa nchi yao na Sultani. Majahazi yalivusha bunduki za Martini hadi pwani ya Uajemi na Makran, na manowari za Uingereza zikawa zikiyawinda. Kwa baharia wa Tangestan msako huo ulikuwa sababu nyingine ya kumchukia mwenye manowari, kwani riziki yake ilizamishwa pamoja na jahazi.

SWALI: Ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wakisoma habari za mwaka 1918 huuliza kama Qavam al-Molk alikuwa msaliti na Sowlat al-Dowleh shujaa. Ningewajibu nini?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, waeleze kwanza jinsi mwaka huo ulivyofikiwa. Percy Sykes, ofisa wa Kiingereza, alitua katika bandari ya Bandar Abbas mwezi Machi 1916 na maofisa wachache, akaandikisha wenyeji katika kikosi kilichoitwa Kikosi cha Bunduki cha Kusini mwa Uajemi, na kufikia Novemba alikuwa Shiraz. Katika siku hizo Qavam aliyekimbia kutoka Shiraz alikuwa akirudi na silaha na fedha za Waingereza. Alifariki njiani, na mwanawe Ebrahim akairithi nafasi yake. Kikosi cha Sykes kilikua hadi askari elfu kadhaa, kikachukua ulinzi wa njia, na kwa kufanya hivyo kikachukua heshima na pato la wakuu wa njia. Halafu ikaja njaa kuu ya 1917 na 1918, wakati mvua imekosekana na majeshi ya kigeni yananunua nafaka na wanyama wa mizigo. Mnamo 1918 serikali ya Tehran yenyewe ilitamka kwamba inakihesabu kikosi hicho kuwa jeshi la kigeni lenye kutishia uhuru wa nchi.

Katika hali hiyo ugomvi mdogo ulitosha. Mwezi Mei 1918 watu wa Darreh Shuri, kabila mojawapo la Waqashqai, waligombana na kituo cha kikosi huko Khaneh Zenyan, magharibi ya Shiraz. Sowlat al-Dowleh akaingia vitani. Naser Divan, mkuu wa mji wa Kazerun, akasimama pamoja naye, na askari Waajemi wa kituo hicho wakawaua wakuu wao Waingereza na kujiunga na Waqashqai. Jambo hili la mwisho lisipite haraka darasani, kwa sababu askari hao walikuwa wakila mshahara wa Mwingereza, na bado waliamua hivyo. Mjini Shiraz nako chuki ilikuwa kubwa, na kwa majuma kadhaa Waingereza walikuwa kama waliozingirwa.

Walichokitumia kujiokoa kilikuwa siasa zaidi ya mizinga. Gavana wa Fars, Farmanfarma, alimvua Sowlat al-Dowleh cheo cha ilkhani na kukikabidhi kwa ndugu yake wa baba, Sardar Ehtesham. Qavam akaleta Khamseh. Baadhi ya makabila ya Waqashqai yakamwacha mkuu wao. Kufikia mwisho wa Julai nguvu yake ilikuwa imevunjika, na vuli ile homa ya mafua iliyozunguka dunia ikaua watu wengi sana katika Fars, mahemani na vijijini, ambako njaa ilikuwa imekwisha kuwadhoofisha. Kazerun ilichukuliwa mwanzoni mwa 1919.

Sasa, Sowlat al-Dowleh alipigania nchi yake na pia alipigania njia yake, ushuru wake na cheo chake. Sioni sababu ya kuitumia nia moja kuikanusha nyingine, kwani aliyeondolewa katika njia na aliyeivamia nchi walikuwa wamekutana mahali pamoja. Qavam naye aliulinda ukoo uliokwisha kuonja mauti mikononi mwa adui zake. Hata hivyo siwezi kuwaweka sawa. Mmoja alijitia katika hatari ambayo angeweza kuikwepa kwa kupokea ruzuku, na mwingine aliisaidia nguvu ya kigeni kuwashinda watu waliokuwa wakidai iondoke. Wanafunzi wako wana haki ya kutoa hukumu, ilimradi wajue kila mmoja alikuwa akiogopa nini.

Wakitaka kujua yaliyofuata, kikosi cha Sykes kilivunjwa mwaka 1921, baada ya mkataba wa 1919, ambao ungeliweka jeshi na hazina ya Uajemi chini ya washauri wa Kiingereza, kukosa idhini ya bunge. Reza Khan, aliyetwaa madaraka na baadaye kuwa Shah, hakutofautisha sana kati ya waliompiga Mwingereza na waliomtumikia: Sheikh Khaz'al aliondolewa Mohammerah na kuwekwa Tehran chini ya ulinzi hadi kufa kwake mwaka 1936, na Sowlat al-Dowleh, aliyekuwa ameingia bungeni, alifungwa na kufia kizuizini mwaka 1933, huku Waqashqai wakilazimishwa kuacha kuhama na mifugo yao ikifa kwa kukosa malisho. Ukoo wa Qavam ulipoteza uongozi wa Khamseh, lakini mwaka 1937 kijana wao Ali Qavam alimwoa Ashraf, binti wa Shah.