Nina mimba na moyo mgonjwa: je, mwili huu ni wangu?

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Mombasa. Nina mimba ya wiki 10. Nilipokuwa mdogo niliugua homa iliyoniharibu moyo, valvu yake imebana. Madaktari wawili wameniambia nikiendelea kuibeba mimba hii huenda nisifike kujifungua. Mume wangu na mama mkwe wanasema kuitoa ni kuua, nimwachie Mungu. Shoga yangu anasema mwili ni wangu, nisimsikilize mtu. Nifanyeje? Na ikitolewa, huzikwa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, unaruhusiwa kuitoa mimba hii. Nimeanza na jibu kwa sababu huna siku za kupoteza, maelezo utayasoma ukiwa umetulia.

Shoga yako amesema neno lenye ukweli, lakini hakulimaliza. Mwili si mali yetu tukaufanya tutakavyo. Ni amana ya Mwenyezi Mungu. Ila amana huwa na aliyekabidhiwa, na mwili huu umekabidhiwa wewe. Hakukabidhiwa mumeo wala mkweo, na mimi mwenyewe sikukabidhiwa. Aya isemayo "wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (2:195) inakuhusu wewe kabla ya kumhusu mtu mwingine.

Mkweo naye ana la haki. Kilicho tumboni kina heshima yake. Wanawake wawili wa kabila la Hudhayl walipogombana, mmoja akampiga mwenziwe kwa jiwe, mimba ikaharibika, Mtume (rehema na amani zimshukie) aliihukumia mimba hiyo fidia. Wanazuoni waliikadiria kuwa ngamia 5. Lakini dia, yaani fidia ya kuua, ya mtu kamili ni ngamia 100! Sheria yenyewe, basi, haikumweka mama na mimba yake kwenye kipimo kimoja, na anayekwambia ni sawasawa na kumuua mtu hakuitazama hukumu hii.

Tena tazama umri wake. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud, waliyoipokea Bukhari na Muslim, kiumbe hupita siku 40 za tone, 40 za pande la damu, 40 za pande la nyama, ndipo roho ikapulizwa. Hizo ni siku 120. Hospitali huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo wiki zako 10 ni kama wiki 8 za mimba yenyewe, siku 56 hivi. Kweli, katika madhehebu yetu ya Shafi wako waliokaza hata kabla ya siku hizo. Imamu Ghazali aliona kuiharibu mimba ni kosa tangu mwanzo wake, na kosa huzidi kadiri inavyokua. Lakini ukali huo ni kwa asiye na dharura. Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia, lilipokaa Makka mwaka 1990, liliruhusu hata baada ya siku 120, pale jopo la madaktari bingwa wanaoaminika linapothibitisha kwamba uhai wa mama uko hatarini. Wewe hata nusu ya siku hizo hujafika.

Ungeniambia sababu ni umaskini, ningekusomea Suratul Israa, aya ya 31, inayokataza kuua watoto kwa kuhofia umaskini, na ningekusihi usiitoe.

Ama "mwachie Mungu", hilo linaniumiza kila ninapolisikia likiambiwa mwanamke mgonjwa. Mjamzito akihofia nafsi yake, sheria humfungulisha Ramadhani, na Ramadhani ni nguzo ya dini! Na Mungu huyo huyo tunayeambiwa tumwachie amesema mama asitiwe taabuni kwa ajili ya mwanawe (2:233). Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na valvu iliyobana haiwezi kuipitisha. Kulijua hilo na kunyamaza si tawakkul, si kumtegemea Mungu.

Mumeo ana haki ya kushauriwa, na nakuomba umpeleke kwa daktari akasikie kwa masikio yake. Akikataa, kukataa kwake hakukufungi. Kama anataka kuzungumza nami, aje baada ya Isha, nitampokea kwa mapenzi. Sheria ya nchi nayo haikuzuii: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26(4), inaruhusu pale mtaalamu wa afya anapoona uhai au afya ya mama iko hatarini. Kwa hiyo nenda mchana, mlango wa mbele, hospitali yenye daktari wa moyo. Vidonge vya kununua kwa siri usiviguse. Moyo wako hautastahimili kutoka damu bila mtu wa kukuangalia.

Kuhusu maziko: kabla ya miezi minne, kisichotoa dalili ya uhai hakioshwi wala hakiswaliwi. Kivingirishwe kitambaa safi kizikwe. Waambie wauguzi mapema, wakupe. Damu itakayofuata ni nifasi, damu ya uzazi, kwa hiyo utaacha swala mpaka ikatike, kisha utaoga. Swala za siku hizo hulipi.