Siku niliyowatajirisha wachezaji wangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kundi langu lina dhahabu mpaka hawajui waifanyie nini, na mimi sijui tena niwape nini. Nifanyeje?" Nilianza kucheka, kisha nikaacha. Donda hilo nalijua, na langu bado linawasha.

Nimeendesha michezo ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo mwendeshaji hubuni dunia na wachezaji huigiza mashujaa ndani yake, kwa miaka mingi, na kama uko hapa basi nawe unataka ninachokitaka mimi: dunia ambayo wachezaji wakishainuka mezani, wanaenda wakiiwaza njiani. Nilikuwa nayo. Kwa miezi minane watu wangu watano waliishi kwa vijisarafu vya fedha, wakibishana walale nyumba ya wageni au chini ya mkokoteni. Jioni moja walijadili nusu saa nzima kama wanunue kamba. Kamba! Mimi nikawa napiga miayo, sikujua kwamba ile nusu saa ndiyo mchezo wenyewe.

Kisha wakamuua joka. Kwa furaha, na kwa kutaka kupendwa (nikiri tu), nikatangaza kwamba pangoni kuna sarafu 40,000 za dhahabu. Wakapiga kelele, wakanikumbatia. Usiku ule nililala mfalme.

Hesabu sikupiga. Katika toleo la tano la mchezo huu, kibarua asiye na ujuzi hulipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na 10 za fedha ni 1 ya dhahabu. Kwa hiyo lile rundo ni ujira wa siku 200,000. Kibarua mmoja, bila kupumzika hata siku moja, angelichuma kwa zaidi ya miaka 540. Na uzito je? Kanuni zinasema sarafu 50 ni ratili moja, basi zile zilikuwa ratili 800, zaidi ya kilo 360. Watu watano walitoka nazo pangoni wakiimba, wala sikuwauliza wamezibebaje.

Kikao kilichofuata wakaingia kijijini. Ile deraya kamili ya chuma ambayo mpiganaji wetu aliiota tangu mwanzo, ya sarafu 1,500, aliichukua bila hata kuuliza bei. Dawa za kuponya, 50 kila chupa, wakazoa zote. Nikapandisha bei, wakalipa. Nikaleta wezi, wakakodi walinzi. Mwenye nyumba ya wageni alipowaomba wafukuze mizimu kisimani kwa sarafu 30, walimcheka. Aliyecheza mchawi akasema, "Tukinunue tu hiki kijiji." Wakakinunua. Vikao viwili baadaye hakuna aliyeuliza tunakutana lini. Wawili wakahamia meza ya mtu mwingine, na mmoja wao akaniambia dunia yangu imegeuka duka. Ni miaka sita sasa, na neno hilo bado nalitafuna.

Baadaye nikasoma habari za Mansa Musa, mfalme wa Mali, aliyepita Cairo mwaka 1324 akielekea Hija. Aligawa na kutumia dhahabu nyingi mno hata thamani yake ikashuka sokoni, na mwandishi al-Umari anasema ilipopita miaka 12 ilikuwa bado haijapanda. Naye alikuwa na jiji zima la wafanyabiashara la kuimeza dhahabu ile! Kijiji changu kilikuwa na mhunzi mmoja na kisima chenye mizimu. Wachezaji wa Diablo II, mchezo wa kompyuta, nao, dhahabu ilipowajaa, waliipuuza wakawa wanauziana vitu kwa pete iitwayo Stone of Jordan.

Sasa nikujibu, ndugu yangu. Usiwaibie. Najua unawaza kuwatumia mwizi usiku, nami nilijaribu. Watakuchukia, na watakuwa na haki. Wape vitu vinavyokula: meli inayodai mabaharia, ngome inayovuja, askari wanaotaka mshahara kila mwezi. Katika matoleo ya awali ya mchezo wetu wa mezani, sarafu moja ya dhahabu iliyofikishwa salama iliongeza pointi moja ya uzoefu, zile zinazompandisha shujaa ngazi, na shujaa aliyepanda ngazi za juu alitarajiwa kujenga ngome na kulipa watu wake. Hazina ilikuwa na pa kwenda. Sisi tuliokuja baadaye tukabaki na hazina, ngome tukaisahau.

Na kabla ya kutoa hata sarafu moja, ujue kibarua wako analipwa nini kwa siku. Nasema tena: anza na kibarua. Usianze na joka, wala na upanga wa maajabu. Mwendesha mchezo asiyejua mkulima wa dunia yake anakula nini hana haki ya kumwaga dhahabu juu ya kichwa cha mtu, na wengi wenu mnaoniandikia hamjui. Mnachora ramani za falme saba, lakini bei ya mbuzi hamna. Kaeni chini muiandike.

Kundi langu la sasa lilimuua joka mwezi uliopita. Safari hii pangoni wamekuta sanamu ya shaba yenye uzito wa fahali wawili, na mnunuzi pekee yuko ng'ambo ya milima. Wamekaa vikao viwili wakibishana kuhusu mkokoteni. Juzi mmoja akauliza kamba ni bei gani.