Wametupiga 52 kwa 3, Kaka, Nifanyeje?

Jumapili usiku simu iliniamsha. Ujumbe wa kijana mmoja anayecheza futiboli ya Kimarekani, nafasi ya senta, katika chuo kidogo huku Marekani: "Shikamoo kaka. Wametupiga 52 kwa 3. Jumamosi tunakwenda kwa wakubwa zaidi. Nifanyeje?" Nikacheka, kisha usingizi ukapotea kabisa, maana ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi miaka kumi na miwili iliyopita.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: nilizaliwa Moshi, nikaletwa Minnesota nikiwa na miaka 13, na mwili niliorithi kwa wajomba ukanipeleka kwenye futiboli ya Kimarekani. Mama alipoikuta helmeti mezani alidhani nimeandikishwa jeshini. Chuoni nikawa senta, yule anayeinama juu ya mpira na kuurusha nyuma, katikati ya miguu yake mwenyewe, kwa kotabeki, kiongozi wa mashambulizi. Hakuna anayekutazama mpaka ukosee.

Mechi za hundi mnazijua. Chuo kikubwa kinakilipa chuo kidogo laki kadhaa za dola kije kupigwa mbele ya mashabiki wake. Mwaka wangu wa tatu tuliifuata hundi yetu. Robo ya tatu tulikuwa nyuma 10 kwa 7 tu, tumebakiza yadi 6 kuingia kwao, jaribio la tatu (timu hupewa majaribio manne kusogea yadi 10), tunahitaji yadi 2. Uwanja ule ulikuwa unanguruma, hata ukipigiwa yowe sikioni huambulii neno. Kwa hiyo tulianza mchezo kimyakimya: gadi, mzuiaji anayesimama kando yangu, anamtazama kotabeki, kotabeki akinyanyua mguu gadi ananigonga pajani, mimi nahesabu moja moyoni, naachia mpira.

Mbele yangu lilisimama jitu la kilo 140 na ushei, limeshanisukuma mchana kutwa. Nikataka kuliwahi. Nikaachia mpira kabla sijagongwa. Kotabeki alikuwa anampanga mtu pembeni, mpira ukampita begani, mwenzake yule jitu akauokota na kukimbia nao uwanja mzima. 17 kwa 7. Matokeo ya mwisho siyaandiki hapa.

Ndani ya basi kocha alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kiti cha nyuma, kwamba watu sitini wamepoteza mechi kwa ajili ya mtu mmoja. Hakusema kwamba wiki nzima tulifanya mazoezi ya kelele kwa dakika kumi, kwa spika moja mbovu. Sijamsamehe. Nasema nimemsamehe, lakini sijamsamehe.

Basi, mdogo wangu, ushauri: usimwahi mtu. Subiri ugongwe.

Najua unataka mbinu kubwa zaidi ya hiyo. Tarehe 5 Oktoba 2024 chuo cha Vanderbilt waliwafunga wale wa chuo cha Alabama, waliokuwa namba moja nchini, 40 kwa 35. Wengi wanakumbuka mashabiki walivyobeba nguzo za goli na kwenda kuzitupa mto Cumberland. Mimi niliirudia video usiku wa manane kutazama majaribio ya tatu. Walifaulu 12 kati ya 18, wakakaa na mpira zaidi ya dakika 42 kati ya 60. Alabama kila walipoupata walikuwa wakali, ila aliyeketi benchi hafungi. Na Army, timu ya chuo cha jeshi la Marekani, mwaka 2018, kwenye uwanja wa chuo cha Oklahoma, walikaa na mpira karibu dakika 45. Walipoteza 28 kwa 21, lakini ilibidi Oklahoma wasubiri muda wa nyongeza.

Vijana wa Army si majitu. Ndiyo maana mchezo wao unamwacha mlinzi mmoja makusudi bila kuzuiwa. Kotabeki anamsoma: akimfuata mbebaji, kotabeki anabaki na mpira, akimjia kotabeki, mpira unakwenda kwa mbebaji. Jitu usiloliweza kwa mabavu unalifanya lichague, na lolote litakalochagua limekosea. Sisi siku ile tulitaka kulizuia kila jitu kifua kwa kifua, kama waliotukanwa.

Lakini mchezo huo wote unakufa mpira ukitoka vibaya. Ukianza kabla ya wakati, faulo, yadi 5 nyuma, na jaribio la tatu la yadi 2 limekuwa la yadi 7. Kwa mkubwa, yadi 7 ndiyo sherehe yake, anaachia mbwa wote. Kwa hiyo narudia: subiri ugongwe. Vijana wa siku hizi mnataka video ya sekunde kumi ya kuwatumia rafiki zenu, mtu ameangushwa chali. Acheni. Mwenye nguvu kuliko wewe anasubiri upandwe na hasira, kwa sababu hasira zako ndizo zinazomrudishia mpira.

Mimi sasa nafundisha safu ya mbele katika chuo kingine kidogo. Msimu uliopita tuliwafunga mabingwa wa ligi yetu 20 kwa 17, bila faulo hata moja ya kuanza mapema. Sifuri hiyo niliiandika kwenye ubao wa chumba chetu kwa rangi isiyofutika, na msimamizi wa jengo ameshanilalamikia mara mbili.

Spika tunazo nne, nzima. Wiki hii mwombe kocha wako kelele kila siku, mazoezi yote. Akikataa, mchukue gadi wako mkafanye bwenini, redio juu, taulo badala ya mpira. Jumamosi nami nina mechi, sitashika simu. Niandikie Jumapili, ila usianze na matokeo. Anza na mara ngapi uliachia mpira kabla hujagongwa.