Usichoronge kwa Sababu ya Doa Jekundu

Juzi usiku kijana mmoja wa Geita aliniandikia: "Shikamoo kaka. Tumepata ramani ya ndege, kuna doa jekundu ndani ya leseni yetu. Tukodi mtambo tuchoronge?"

Usingizi uliniruka. Doa jekundu, yaani mahali ambapo kipimo kwenye ramani kiko juu kuliko pembeni, nalijua, liliwahi kuniharibia jina.

Mwaka 2014 nilikuwa mwanajiofizikia, mtu anayepima miamba iliyo chini bila kuichimba, wa kampuni ndogo iliyotafuta nikeli mkoani Kagera, upande wa Ngara, kule ambako hazina ya nikeli ya Kabanga iligunduliwa miaka ya 1970. Sote tuliota Kabanga ya pili. Ramani tuliyoanza nayo ilitokana na ndege iliyopima usumaku wa miamba zamani, laini ilizoruka zikiwa zimeachana kilomita 1. Katikati ya laini mbili hakuna aliyepima chochote. Kompyuta ndiyo iliyojaza rangi. Ila ukiitandaza mezani, unaona kana kwamba kila shamba limepimwa.

Tukaamua kuhakikisha kwa kupima uvutano wa dunia, ambao huongezeka kidogo juu ya mwamba mzito. Mwamba wa salfaidi (madini yenye salfa) yenye nikeli ni mzito: sentimita moja ya ujazo inaweza kupita gramu 4, wakati graniti ni kama 2.67. Chombo cha kupima uvutano kinauhisi uzito huo, lakini kwa kiasi kidogo mno. Uvutano wa dunia, ukiupima kwa kizio kidogo kiitwacho miligali, ni kama miligali 978,000, na doa tulilokuwa tukilitafuta sisi lilikuwa la miligali 1. Ukipanda mita 1 tu, kipimo kinashuka kwa karibu miligali 0.3, kwa hiyo lazima ujue mwinuko wa kila kituo.

Kifaa cha kupima mwinuko kwa usahihi kilikuwa kimepelekwa kambi nyingine. Mkubwa akasema tutumie GPS za mkononi, muda unakwenda. Nilijua si sawa, nikanyamaza.

Nakumbuka kituo kimoja kando ya migomba. Tulisimamisha chombo kwenye miguu yake mitatu, nikakikinga jua kwa mwavuli, tukasubiri upepo utulie. GPS ikasema mita 1,412. Dakika mbili baadaye ikasema 1,419, na hakuna aliyeinua hata mguu. Nikaandika 1,419. Hizo mita 7 peke yake ni zaidi ya miligali 2, mara mbili ya kile tulichokuwa tukikitafuta!

Ramani ilipotoka, doa lilikuwa pale pale karibu na lile la ndege. Nilishangilia. Mtambo ukaja, tukachoronga mita 210. Sanduku baada ya sanduku la mwamba uliotolewa, shisti na kwatsaiti, miamba isiyo na nikeli, kwatsaiti na shisti. Kwenye kikao Dar, yule yule aliyeniambia nitumie GPS ya mkononi alisema mbele ya watu wote kwamba mimi ndiye niliyewapotosha. Hilo bado linaniuma.

Nilichukua likizo, nikakodi mpimaji kwa fedha yangu, tukarudia mwinuko wa vituo 40. Doa likafutika lote. Sikuwa na wa kumwonyesha, lakini nilikuwa nimejua.

Kwa hiyo wewe unayetaka kutoka kimaisha kwa madini, nisikilize. Pima mwinuko. Rudi kupima kwenye kituo kile kile cha msingi asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu springi ya chombo hulegea kidogo kidogo siku nzima. Kisha pima mwinuko tena. Mkubwa akikuharakisha, kataa, na ukatae kwa maandishi. Serikali inataka utafiti wa kina wa ndege utoke asilimia 16 ya nchi ufike 50 ifikapo 2030. Ramani zinakuja nyingi, na madoa mekundu yatakuja nazo.

Na wewe wa Geita, ndege haioni dhahabu. Inaona miamba yenye sumaku, kama ile ya chuma ya matabaka inayobeba dhahabu hapo kwenu, na miamba hiyo ipo pia mahali ambapo dhahabu haipo kabisa. Zaidi ya hayo, huku kwetu karibu na ikweta, kilele cha rangi mara nyingi hakikai juu ya mwamba wenyewe. Kinasogea pembeni, na mwamba unabaki kati ya nyekundu na buluu. Anzeni kwa miguu: chukueni sampuli za udongo, pelekeni maabara.

Nilimuuliza laini za ndege zilipishana mita ngapi. Asubuhi hii amejibu kwamba hajui, aliyewauzia aliwapa picha tu. Nimemwambia aende Dodoma, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, akaombe data yenyewe, na hadi hapo wasilipe hata shilingi ya mtambo.