Riverbu inayomeza maneno ya mwimbaji: angalia mpangilio kabla ya kununua plagini

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini vokali yako (sauti ya mwimbaji), ambayo ikiwa kavu, yaani bila madoido, inasikika vizuri, hurudi nyuma ya biti na kupoteza maneno kila unapoiwekea riverbu, yaani mwangwi wa chumba, na kama dawa yake ni plagini (programu ya kuongeza madoido) ya bei kubwa zaidi. Plagini haina kosa. Umeeleza kwamba riverbu umeipachika moja kwa moja kwenye chaneli ya vokali na kompresa, kifaa kinachopunguza sauti kubwa, ikafuata chini yake, na hapo ndipo nilipokwama mimi pia nilipokuwa nikirekodi katika chumba cha kupanga jijini Mwanza.

Nilikesha nikimiksi wimbo wa mapenzi kwa hedifoni, nikaridhika nao, na asubuhi nikamwekea mama kwenye redio yake ya mezani. Mwimbaji alikuwa akisema "nimekupa moyo wangu". Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwani huo moyo wake ulipotea? Kaukuta wapi?" Nilirudia mstari ule mara kadhaa, na kweli, mtu asiyejua mashairi angesikia "nimekuta".

Sababu iko katika lugha yetu yenyewe. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu na urefu, ilhali p, t na k ni vipasuo vinavyodumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo mkia wa riverbu unaotokana na "ku" huangukia juu ya konsonanti inayofuata na kuifunika. Kompresa nayo huongeza msiba. Ukiiweka kwenye uwiano wa 4 kwa 1, sauti iliyovuka kizingiti, yaani kiwango ambacho kompresa huanza kukandamiza, kwa desibeli 8 hutoka ikiwa imekivuka kwa desibeli 2 tu. Mwimbaji anaponyamaza ili avute pumzi, kompresa huachia, na ule mkia uliopaswa kufifia huinuliwa juu. Ndiyo maana unahisi kama riverbu inapumua kati ya mistari.

Acha vokali na kompresa yake kwenye chaneli yake, kisha fungua chaneli nyingine yenye riverbu peke yake, ikiwa asilimia 100 bila sauti kavu, na uipelekee vokali kwa sendi, yaani njia ya kutuma nakala ya sauti kwenye chaneli nyingine. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko kompyuta zetu: mwaka 1947, huko Chicago, mhandisi wa sauti Bill Putnam alitumia choo kama chumba cha mwangwi alipowarekodi The Harmonicats, kundi la wapiga harmonika, spika ikipiga humo ndani na maiki ikiokota kinachorudi. Waliofuata njia hiyo walikuwa na feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) ya sauti kavu na feda ya mwangwi, kila moja mbali na mwenzake, na mwangwi ulichukuliwa kama chombo kingine cha muziki.

Ukishautenga, uchonge. Weka ekwalaiza, kichujio cha masafa ya sauti, kabla ya riverbu, ukate kila kilicho chini ya hezi 600 na kila kilicho juu ya hezi 10,000. Vipimo hivyo vinajulikana sana kwa jina la studio za Abbey Road za London, na ukivisikiliza peke yake utadhani umeharibu kazi, kwa maana mwangwi unabaki mwembamba kama wa redio ya zamani. Lakini ndani ya wimbo, besi na kiki (ngoma nzito ya biti) zinapata nafasi yake, na "s" haziachi tena mchirizi mkali nyuma yake.

Kinachofuata ni pridilei, yaani muda ambao riverbu inasubiri kabla ya kuanza, nami nakiona kuwa muhimu kuliko aina ya riverbu utakayochagua. Gawanya 60,000 kwa kasi ya wimbo: ukiwa na mapigo 96 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 625, na ukigawanya tena kwa 16 unapata takriban 39, na hiyo ndiyo pridilei yako. Katika muda huo sauti husafiri kama mita 13, yaani kwenda na kurudi kutoka kwenye ukuta ulio mbali kwa mita sita na nusu. Kipasuo kinapita kikiwa kavu, ndipo chumba kinapoitikia. Urefu wa mkia naupunguza hadi sekunde moja na robo hivi kwa nyimbo za biti, na mara chache sana nauzidisha.

Kama maneno bado yanazama, weka kompresa nyingine kwenye chaneli ya riverbu na uiamrishe kwa vokali kavu kupitia saidicheni (mlango unaoiwezesha kompresa kuongozwa na sauti ya chaneli nyingine), ili mwangwi ushuke kwa desibeli 4 hadi 6 mwimbaji anapoimba na ujitokeze anaponyamaza.

Jambo moja hukuligusa, nalo linanitia shaka: chumba chako. Kuta za zege na sakafu ya marumaru zina riverbu yake, na hiyo ikishaingia kwenye maiki, hakuna sendi itakayoitenganisha. Wengi hubandika sponji nyuma ya maiki, wakati maiki nyingi za studio husikia zaidi upande wa mbele, kwa hiyo zinachokiokota ni kile kinachogonga ukuta ulio nyuma ya mwimbaji. Simamisha godoro au ning'iniza mablanketi mazito mgongoni mwake. Kanga ni nyepesi mno, hazizuii kitu. Zima riverbu zote usikilize miisho ya mistari. Ukisikia chumba kikijibu, mwite mwimbaji arudie, kama nilivyolazimika kumwita wangu kwa ajili ya "nimekupa".