Mume kaingia mgambo, mke anaona aibu mtaani: Shangazi anajibu

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina saluni ndogo. Mume wangu ana miaka 36, anaendesha bajaji ya mtu. Kajiunga mafunzo ya mgambo bila kunishirikisha, huu mwezi wa pili sasa, anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukimbizwa mchakamchaka kama katoto, hawalipwi hata mia, sare kajinunulia mwenyewe, na hesabu ya bosi inasuasua. Majirani wananicheka eti mumeo anataka kwenda kukimbiza machinga. Jioni anakaa barazani anapiga buti rangi, mtoto wetu wa kiume kasimama pembeni anapiga saluti, yaani nyumba imekuwa kambi. Mwaka jana alipogusia haya mambo nilimwambia JKT walikukataa ukiwa kijana, hao mgambo watakufanyia nini, nikajua yameisha. Dada yangu wa Dar anasema huko kuna wanawake wengi lazima kuna kitu. Nimempa wiki moja achague, mimi au mgambo. Je nimekosea?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa usingizi, mtu unasimama kutwa unasuka vichwa vya watu halafu alfajiri unaamshwa na mlio wa buti, najua inachosha. Pole yangu inaishia hapo.

Tuanze na hili la kutoshirikishwa. Juu umeandika hakukwambia, chini kidogo umejisahau ukaandika kwamba mwaka jana aligusia. Sasa alikwambia au hakukwambia? Alikwambia mama, tena naamini alikuja taratibu akikupima, na wewe ukamchomekea lile la JKT kumkataa. Mwanaume anaweza kusahau tarehe ya harusi yenu lakini neno kama hilo analitembea nalo mpaka kaburini. Ulichokiona mwaka huu ni mtu aliyejifunza kwamba kwenye nyumba yake akitaka kitu asiseme, afanye tu. Sijasema kafanya vizuri, alipaswa kukwambia kabla ya kutoa hela ya sare, na hilo nitamrudia. Ila usije hapa na sura ya mtu aliyeshtukizwa.

Halafu hii habari ya machinga. Wale unaowaona wanakimbizana na wauza nyanya ni ajira ya halmashauri, ingawa wengi wao walipita kwenye mafunzo hayahaya. Anachofanya mumeo kinaitwa mafunzo ya Jeshi la Akiba, wakufunzi wanatoka jeshini, wilayani kuna mshauri wake kabisa, na huwa yanachukua kama miezi minne hivi, siku ya mwisho mkuu wa wilaya au mgeni rasmi mwingine anakuja kukagua gwaride. Wanafundishwa kwata, silaha ndogondogo, ujanja wa porini, kusoma ramani, huduma ya kwanza, polisi na zimamoto nao wanakuja na masomo yao. Wakimaliza wanarudi nyumbani kwenye bajaji zao na mashamba yao, siku wakihitajika wanaitwa. Na waliwahi kuitwa kweli. Amin alipoingia Kagera mwaka 1978 walibebwa mgambo kutoka vijijini, wakulima na wafugaji, wakaenda mpaka Uganda. Muulize mzee yeyote wa rika lile hapo mtaani kwenu halafu uje unichekee tena neno mgambo.

Sasa la hela, maana barua yako yote inazunguka hapo hata ukijifanya inazunguka kwenye aibu. Ni kweli hayo mafunzo si ajira na hakuna mtu wa kukuahidi mshahara. Ila nikuulize, mtu wa miaka 36 anayeendesha chombo cha mtu mwingine, JKT umri umeshampita, cheti cha kumpeleka ofisini kule Mtumba kwenye mji wa serikali hana, ana milango mingapi? Makampuni ya ulinzi wakitaka walinzi, SUMA JKT Guard ikiwemo, swali la kwanza huwa umepita mgambo au JKT? Hapa Dodoma tangu serikali ihamie majengo yanaota kila kona, na kila geti linataka mtu wa kulikalia usiku. Mimi nasoma barua yako naona mwanaume anayetafuta cheti cha kumtoa kwenye bajaji ya mtu. Wewe unaona mchakamchaka.

Wanawake wa kule. Wapo ndiyo, mafunzo ni ya wote. Lakini mwanangu, mtu kaviringishwa kwenye vumbi letu hili tangu alfajiri, kapigishwa pushapu, saa nne anakimbilia barabarani kutafuta hesabu, hiyo nguvu ya kutongoza anaitoa wapi? Sikuapii, mwanaume simuapii mimi. Nasema tu katika barua nzima hujaleta hata ushahidi mmoja, simu hajaficha, kulala nje hajalala, ulicholeta ni maneno ya dada yako, na dada yako yuko Dar.

Na huyo dada mpe salamu zangu. Ndoa nyingi siku hizi zina mtu wa tatu na wala si mchepuko, ni ndugu wa kwenye simu. Mke ana mume ndani lakini mambo ya mume anayajadili na dada, na shoga, na grupu la wasapu la kitchen party ambayo harusi yake ilishapita zamani, mume anarudi anakuta hukumu imeshatoka. Mnataka mume wa kupiga naye picha mkaweka stetasi watu wakakomenti mmependeza, sasa mume mwenye gwanda lenye jasho na kiatu cha mtumba wa Sabasaba hawekeki stetasi basi inakuwa aibu. Mama zetu walikula njaa ya mwezi wa pili na waume zao mahindi yakiwa bado machanga shambani na hawakumpa mtu wiki moja achague. Sisemi walikuwa na raha, wengine waliteseka sana. Ila hawakuwa wanaona haya ya mume anayejaribu.

Mstari mzuri kuliko yote kwenye barua yako umeuandika kama mashtaka. Baba barazani na kopo la rangi ya viatu, mtoto wa kiume kasimama pembeni kapiga saluti. Wewe unajua ni watoto wangapi wanaandika kwangu baba zao hawakai hata barazani?

Sasa fanya hivi. Hiyo wiki uliyompa ifute leo, usisubiri iishe maana akichagua mgambo utaenda wapi na saluni yako. Mwombe radhi kwa neno la JKT, ulitaje lenyewe, usiseme tu nisamehe kama nilikukosea. Ukishamaliza, na wewe una haki ya kumbana: hesabu ya bosi inasuasua maana asubuhi ndiyo yenye abiria na yeye yuko kwenye kwata, kwa nini asitafute deiwaka wa kumshikia bajaji kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne wakagawana? Ada ya shule inatoka wapi hii miezi miwili iliyobaki, ya saluni au ya kwake? Na mwambie kutoka kwangu kwamba kumtoa mkeo kwenye mipango kwa sababu alikucheka mara moja nayo ni tabia ya kitoto, na kwamba hayo mafunzo hayampi ruhusa ya kumpiga mtu kofi mtaani wala kumfokea mke kama kuruta.

Siku ya kufunga mafunzo nenda, na watoto, na hao majirani wakitaka waje. Kabla ya hapo niandikie uniambie yule mwenye bajaji kamkubali deiwaka au kagoma.