Gari inamisi na mfuko umebana
Mzee, umesema gari yako inamisi (injini inakatakata) na umeambiwa ununue koili zote 4 (zile zinazopeleka umeme kwenye plagi). Kama gari ni ya zamani na inamisi ikiwa sailensa (imewashwa bila kukanyaga mafuta), usikimbilie kununua. Iache inanguruma, chomoa soketi za nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye injini) moja moja, ile ambayo ukichomoa mngurumo haubadiliki ndo silinda iliyolala (haifanyi kazi). Zima, hamishia koili yake kwa jirani, misi ikihama nayo mchawi umempata, isipohama fanya hivohivo na plagi. Na hiyo plagi iangalie mdomoni, kahawia iko poa, masizi meusi makavu inakunywa mafuta mengi, ikilowa oili hapo ni ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Kama ni ya distributa (kifaa kimoja kinachogawa umeme kwa plagi zote kwa waya) fungua boneti usiku gizani, waya zinazovuja utaona cheche (usizishike lakini!). Vyote vizima? Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda).